Andrew Johnson hakufukuzwa Ikulu jamani

Nafundisha historia ya Marekani, na kila tukifika 1868 lazima atokee mtu aniambie Andrew Johnson ndo rais aliyefukuzwa na bunge. Hapana! Alishtakiwa, hakuondolewa. Baraza la Wawakilishi kazi yao ni kufungua mashtaka tu, na walifanya hivyo Februari 24, 1868, 126 wakakubali, 47 wakakataa, yakatoka mashtaka 11, mengi yanahusu kumtimua waziri wa vita Edwin Stanton wakati sheria ya 1867 ilishambana rais asitoe waziri bila Seneti kuridhia, na Stanton mwenyewe akagoma, akajifungia ofisini kwake hatoki.

Hukumu sasa ni ya Seneti. Nawaambia kila siku, kabla hujabishana na mimi shika kalamu upige hesabu: maseneta walikuwa 54, na kumwondoa rais inatakiwa theluthi mbili, yaani 36. Mei 16 waliosema ana hatia ni 35, waliosema hana ni 19. Kura moja! Warepublican saba waligoma kufuata chama chao. Mei 26 wakajaribu tena kwa mashtaka mengine mawili, ikatoka 35 kwa 19 ileile, wakaishia hapo. Johnson akakaa Ikulu mpaka muhula wake ukaisha Machi 1869. Halafu mtu anaandika kwenye mtihani "aliondolewa", maksi zinapotea bure kabisa.

Mengine. Eti alikuwa Republican kwa vile alikuwa makamu wa Lincoln: alikuwa Democrat wa Tennessee, 1864 waligombea pamoja kwa tiketi ya National Union, muungano wa Warepublican na Wademocrat waliopinga Kusini kujitenga. Eti mkewe ndo alimfundisha kusoma: shule kweli hakukanyaga, alikuwa fundi nguo, ila kusoma alianza akiwa bado anajifunza ushonaji kule Raleigh, Eliza alimsaidia kwenye kuandika na hesabu.

Na hii inaniuma, eti kwa kuwa alipinga majimbo ya Kusini kujitenga na Marekani basi alikuwa mtetezi wa watu weusi. Alimiliki watumwa huyo, na 1866 alipiga veto sheria ya haki za kiraia, Bunge likaipitisha hivyohivyo bila yeye.

Wala siasa yake haikufa 1869. Mwaka 1875 Tennessee ikamrudisha Seneti ileile iliyoamua kesi yake, ndo rais pekee mpaka leo aliyekuwa seneta baada ya kutoka Ikulu, akafariki Julai 31 mwaka huohuo.