Je, wajua kwa nini mtu aliyetoka ajalini akitembea anaweza kufa saa chache baadaye?

Gari limegonga mti. Dereva anafungua mlango mwenyewe, anashuka, anakung'uta vipande vya kioo vilivyommwagikia shatini, na kuwaambia watu waliomkimbilia kwamba yeye ni mzima, ila kifua na ubavu vinamuuma kidogo pale alipojigonga kwenye usukani. Hana hata tone la damu. Watu wanamshukuru Mungu, kisha wanamgeukia abiria aliyechanika paji la uso na kulowa damu hadi kifuani, na huyo ndiye anayekimbizwa hospitali kwanza. Baada ya saa mbili dereva anatokwa na jasho jembamba la baridi, anaomba maji, analalamika kizunguzungu, na kabla jua halijazama amekwisha kufa. Wafiwa wa kifo cha namna hii mara nyingi hubaki wakijiuliza kama kuna jambo lililofichwa. Ukweli ni kwamba jeraha lililomuua lilitokea katika sekunde ileile ya kugonga, na zile saa zilizofuata zilikuwa saa za mwili kupambana nalo kimyakimya mpaka ukaishiwa nguvu.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kwanza tujue kwamba ajali moja ya gari huwa na migongano mitatu inayofuatana upesi mno. Gari hugonga na kusimama, lakini mtu aliye ndani huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule aliokuwa nao, mpaka azuiwe na mkanda, usukani, dashibodi au kioo. Huo ni mgongano wa pili. Wakati ngozi na mifupa yake vimekwisha kusimama, moyo, ini, bandama na ubongo, ambavyo ndani ya mwili vimeshikiliwa kwa mishipa na utando tu, bado vinakwenda, navyo husimama vinapojipiga kwenye mbavu, uti wa mgongo au fuvu. Mgongano huu wa tatu hakuna anayeuona, na ndio unaoua. Nguvu yake si ya kubeza: mtu anayesimamishwa ghafla kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupata pigo sawa na la kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi. Kwa kilomita 100 kwa saa, urefu huo haufiki mita 20 tu kama wengi wanavyodhani, bali hukaribia mita 40, kwa kuwa mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne.

Tazama aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Hupanda, hujikunja kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka ukiwa umeshikamana na uti wa mgongo. Moyo na ule mkunjo vina nafasi ya kuchezacheza kifuani, ilhali sehemu inayoshuka imefungwa. Gari linaposimama ghafla, moyo huvutwa kwenda mbele huku sehemu iliyofungwa ikibaki nyuma, na mshipa huchanika palepale kinapokutana kinachocheza na kilichofungwa. Wengi wanaopata jeraha hilo hufia barabarani. Wachache hufika hospitali wakiwa hai kwa sababu tabaka la nje la mshipa halijaachia, na muda wao huwa mfupi.

Ini na bandama hujeruhiwa kwa njia nyingine. Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, nalo ni zito na laini kwa wakati mmoja, hivyo hupasuka kwa uzito wake lenyewe. Bandama, ambayo wengine huiita wengu, ni ndogo, gramu 150 hivi, nayo imejificha upande wa kushoto nyuma ya mbavu za chini. Imejaa damu na gamba lake ni jembamba. Ndiyo maana daktari akiona mbavu za kushoto chini zimevunjika, mawazo yake hayaishii kwenye mbavu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: damu inamwagika tumboni, mtu anasimamaje? Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Akipoteza robo tatu ya lita, mwili hufidia bila dalili ya maana. Mishipa midogo ya ngozini, mikononi na miguuni hujibana, damu iliyobaki ikaelekezwa kwenye moyo na ubongo. Akiendelea kupoteza hadi lita moja na nusu, moyo huanza kwenda mbio, viganja na nyayo hupoa, naye huwa na wasiwasi asioweza kuueleza, lakini presha ya damu ikipimwa amelala inaweza kusoma sawasawa kabisa. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Presha ikija kushuka, huwa amekwisha kupoteza karibu theluthi ya damu yake au zaidi, na kuanzia hapo hali huporomoka kwa dakika, wala si kwa saa. Kijana mwenye afya hufidia vizuri kuliko mzee, na kwa hiyo huonekana mzima kwa muda mrefu zaidi, kisha huanguka ghafla zaidi.

Maumivu nayo si shahidi wa kutegemewa. Katika dakika za mwanzo homoni ya adrenalini hufurika mwilini na kuyatuliza, na palipo na jeraha linalouma sana, kama mkono uliovunjika, akili yote huenda huko, tumbo likasahaulika. Binafsi naona neno la kuogopwa kuliko yote mahali pa ajali ni lile la majeruhi mwenyewe la kusema "mimi mzima", kwa sababu analisema kwa dhati na hana njia ya kujua kama si kweli.

Mifupa iliyovunjika nayo huhusika na kuvuja damu kwa ndani, jambo ambalo watu hawalifikirii. Fupa la paja likivunjika bila ngozi kuchanika, lita moja hadi moja na nusu ya damu inaweza kujikusanya ndani ya paja, likavimba tu. Mifupa ya nyonga, ambayo imeungana kama pete na kwa hiyo ni nadra kuvunjika mahali pamoja tu, huweza kumwaga damu nyingi kuliko hiyo, kwa sababu imezungukwa na mtandao wa mishipa. Wakati mwingine alama ya nje ni ndogo kiasi cha kupuuzwa: goti lenye mchubuko mmoja baada ya kugonga dashibodi linaweza kuwa limepeleka pigo lote juu kwa fupa la paja, hadi kichwa cha fupa hilo kikachomoka kwenye kikombe chake cha nyonga. Kwa mtoto mdogo mambo hugeuka: mbavu zake hupinda bila kuvunjika, na mapafu yaliyo nyuma yake huvilia damu, hivyo picha ya eksirei isiyoonyesha ufa haitoshi kutuliza roho ya mzazi.

Kuhusu mkanda, ule wa kupita begani na kiunoni uliobuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959 umeokoa watu wengi mno, nao hufanya kazi hiyo ukikaa juu ya mifupa ya nyonga na kifua. Ukipanda ukakaa juu ya tumbo laini, unaweza kuubana utumbo dhidi ya uti wa mgongo na kuutoboa. Mstari wa mkanda ukionekana tumboni kama alama ya kuvilia damu, mtu huyo achunguzwe hata kama anacheka, kwa kuwa utumbo uliotoboka huweza kuchelewa kuonyesha dalili.

Hii ndiyo sababu wahudumu wa dharura huuliza habari za gari mapema sana. Lilikwenda kasi gani? Usukani umepinda? Kuna aliyerushwa nje, au aliyefia ndani ya gari hilohilo? Kisha hupima mapigo ya moyo mara kwa mara, hupitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya tumbo na kifua kutafuta damu iliyotuama, na inapobidi humpeleka majeruhi kwenye kipimo cha CT, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Yale maji anayoyaomba hawampi. Kiu yake ni ya kweli, ni mwili unaolilia ujazo wa damu uliopotea, lakini akihitaji upasuaji, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Kuna wakati hatari huchelewa kwa siku kadhaa. Bandama inaweza kupasuka ndani huku gamba lake likibaki zima, damu ikajikusanya chini yake kama maji ya lengelenge, hadi siku moja gamba liachie. Damu hiyo ikigusa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ubongo hukosea mahali, kwa sababu neva za kiwambo hutoka shingoni pamoja na zile za begani, na mtu huhisi maumivu juu ya bega la kushoto. Hapo yuko nyumbani, ameketi kitandani, akipakwa dawa ya kuchua kwenye bega ambalo halikuguswa na chochote katika ajali ile.