P3 si tiketi ya kumwona daktari

Juma hili nimeisikia tena, safari hii kwa askari wa getini: "Mama, nendeni polisi kwanza mlete P3, ndipo binti atibiwe." Mimi ni msaidizi wa kisheria, meza yangu iko ndani ya hospitali ya kaunti hapa Pwani, na maneno haya yamenichosha. P3 ni fomu ya polisi ya kuandikia majeraha.

Hakuna sheria Kenya inayomtaka aliyebakwa apitie kituoni kabla ya kutibiwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Tembe za kuzuia mimba, saa 120. Wewe kaa kwenye benchi umngoje afande aliyeenda kortini, virusi havimngoji.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya P3 na PRC, fomu ya huduma baada ya kubakwa, tena hata wenzangu wenye digrii wanachanganya. PRC hujazwa hapa hospitalini na tabibu aliyekupima: alichokiona, sampuli alizochukua, hali ya nguo. Ina nakala tatu, ya polisi, yako na ya hospitali. P3 hutoka polisi, bure, na ni ya kuumizwa kwa namna yoyote, hata ngumi za baa. Yaweza kujazwa wiki mbili baadaye, michubuko imeshapona, na tabibu ataijaza kwa kufungua faili na kusoma PRC. Sasa PRC isipokuwepo, P3 ijazwe kwa ramli?

Wala hakuna tabibu anayethibitisha kwamba fulani amebakwa. Yeye huandika alichokiona. Kuamua ni kazi ya hakimu. Kukosa jeraha hakufuti kosa. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kutia hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, mradi aandike sababu za kumwamini. Mawakili wa utetezi wanakijua sana, lakini maswali ni ya michubuko tu.

Nguo msifue, wala msitie kwenye nailoni, zitaoza. Bahasha ya kaki au gazeti. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, ushahidi bado waletwa ndani yake. Mnaitoa wapi?)

Meza yangu kuwa pale nayo hunitia wasiwasi. Mtu ametoka kupimwa, anamwona wa sheria ameshika kalamu. Si atadhani dawa zina sharti la kushtaki? Kwa hivyo mtu mzima simfuati. Muuguzi humwuliza kama anataka kuniona, na akikataa, aende na PEP yake na nakala yake. Baadhi hurudi baada ya miezi, wazee wameshakaa maslaha, suluhu ya nje ya korti, na mtuhumiwa ni mjomba. Hapo sijui kama nimsukume au nimwache.

Kesi zinazofika kortini, mara nyingi tabibu ameshahamishiwa Lodwar. Mwenzake anayeujua mwandiko wake anaweza kuiwasilisha fomu badala yake. Basi matabibu, nawaomba, andikeni herufi zinazosomeka.