Ukufi wa njugu

Wiki jana mzee mmoja aliketi mbele yangu, akatoa mfukoni karatasi ya gazeti iliyosokotwa kama pembe, akaiweka mezani. Ndani mlikuwa na njugu za kukaanga, zingali na vuguvugu. "Hizi ndizo zitakazoniua, daktari?" Ana presha, na kijana wake amemwambia aachane nazo, ale lozi. (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, lakini hapa Mombasa ukivaa koti jeupe umeshakuwa daktari.)

Kijana hakukosea kabisa. Huko Uhispania, katika utafiti uitwao PREDIMED, watu 7,447 walio katika hatari ya maradhi ya moyo waligawanywa kwa kura makundi matatu. Kundi moja lilipewa gramu 30 kwa siku za kokwa za jozi, lozi na hezeli, pamoja na mlo wa mboga, samaki na mafuta ya zeituni. Matokeo ya 2013 yalionyesha kwamba mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa karibu asilimia 30 wakilinganishwa na walioshauriwa kupunguza mafuta. Mwaka 2018 waandishi wenyewe waliiondoa makala ile, kwa kuwa kwenye baadhi ya vituo kura ya kuwagawa watu haikupigwa sawasawa. Wakahesabu upya, matokeo yakabaki karibu yale yale. Wapo walioudharau utafiti ule tangu hapo. Mimi namwamini zaidi anayerudi kusema nilikosea hapa.

Ila humo njugu zetu hazimo, na kwa wajuao mimea njugu ni jamaa ya kunde na maharagwe, hazihusiani na lozi. Je, zina faida? Mwaka 2015 watafiti walichapisha takwimu za watu zaidi ya 200,000, wakiwemo Wamarekani wa kipato cha chini, weusi na weupe, na wakazi wa Shanghai. Waliokula njugu zaidi walikuwa na vifo vichache, hasa vya moyo. Huu ni ufuatiliaji tu, watu hawakugawanywa kwa kura, na huenda mla njugu ana mazoea mengine mema. Hata hivyo, kwa mtu ambaye bei ya lozi ingemla posho ya wiki, ushahidi huu wanitosha kumwambia asitupe njugu zake.

"Na mafuta je?" Mengi ni yale yanayosaidia kushusha kolesteroli mbaya. Isitoshe, si yote yanayoingia mwilini: mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima wakakuta gramu 28 za lozi nzima zinatoa kalori 129 hivi, si 170 kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Mafuta mengine hubaki yamefungwa ndani ya vichembe ambavyo meno hayakuvivunja, yakatoka na choo. Kwa hiyo ukufi mmoja kwa siku, si pembe mbili kila barazani.

Kisha nikazimwaga njugu mezani tukazichambua. Kwanza zilikuwa na chumvi, na presha haipendi chumvi. Pili, nne zilikuwa zimesinyaa, nyeusi, moja ina ukungu. "Hizo huzitafuna tu, uchungu kidogo," akasema. Hapo ndipo nilipokunja uso. Ukungu huo unaweza kutoa aflatoksini, sumu ya ini inayoweza kuleta saratani, na kukaanga hakuimalizi. Ndiyo iliyoua watu 125 nchini mwetu mwaka 2004, kupitia mahindi. Joto na unyevu wa pwani vinaupendeza ukungu, basi nunua kidogo kidogo, zikaushe, weka mkebeni, na iliyo chungu iteme.

Akazikusanya zilizobaki, akasokota karatasi yake upya. Mlangoni akageuka. "Na kashata?"

Nikamuuliza sukari yake ilipimwa lini.