Kutegemea maombi kwenye umisheni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Vikao vingi vya kamati ya umisheni huishia kwa sentensi moja: "Hili tuliweke kwenye maombi." Fedha hazijatosha, mwinjilisti aliyeko bara hajatumiwa posho, na mtu akishatamka hivyo, makaratasi yanakunjwa, watu wanaagana. Mungu hutwishwa mzigo ambao mhazini angeweza kuubeba nusu. Nadhani tumefika hapo kwa sababu ya dhana kadhaa, tulizozipata hasa kwenye simulizi za mashujaa wa imani zilizokatwa katikati.

"Anayetegemea maombi hahitaji njia za kibinadamu."

Hudson Taylor, mmisionari Mwingereza wa China, aliwahi kuamini hivyo, na ilikuwa nusura azame nayo. Septemba 1853, akiwa na miaka 21, aliondoka Liverpool kwenda China kwa meli ya Dumfries. Karibu na pwani ya Wales dhoruba iliisukuma meli kuelekea miambani. Taylor alikuwa na boya la kujiokolea, akaligawa, kwa kuwa aliona moyo wake unalitumaini boya kuliko Mungu. Kisha, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, akaanza kukusanya vitu vyepesi vinavyoweza kuelea, wala hakuona kwamba anajipinga! Meli iliponusurika alilitafakari jambo hilo, akakata shauri kwamba kutumia njia zilizopo hakumpunguzii mtu imani.

Ndiyo maana ombi lake maarufu la Juni 25, 1865, kwenye ufuko wa Brighton, Uingereza, lilikuwa na hesabu ndani yake. Aliomba watenda kazi 24: wawili kwa kila mkoa kati ya mikoa 11 ya China isiyokuwa na mmisionari, na wawili wa Mongolia. Siku mbili baadaye alikwenda benki, akafungua akaunti ya China Inland Mission, shirika lake la umisheni, kwa pauni 10. Mwezi Mei mwaka uliofuata, kundi lake lilipanda meli ya Lammermuir. Simulizi zetu hubaki ufukweni pale Brighton, za kwenda benki hazimo.

"Mwenye imani ya kweli hamwambii mtu mahitaji yake."

Hapa hutajwa George Müller, Mjerumani aliyefungua makao ya yatima Bristol mwaka 1836. Hadi anafariki mwaka 1898, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa humo. Hakukopa, wala hakumwomba mtu fedha. Hayo ni kweli. Lakini pia alichapisha taarifa zilizoonyesha kilichoingia na kilichotoka, watu wakazisoma, na wengi wakaguswa kutoa. Yeye mwenyewe aliona jinsi taarifa inavyoweza kugeuka ombi: mwishoni mwa 1841, fedha zikiwa zimekauka, aliahirisha kwa makusudi kuitoa, isije ikaonekana anapitisha bakuli.

Huo ulikuwa wito wake, na aliushika kwa uaminifu. Kuufanya sheria ya kila mtu ni kumhukumu hata Paulo, aliyetumia sura mbili nzima, 2 Wakorintho 8 na 9, kuhimiza changizo, na kuwaambia Warumi waziwazi kwamba anatarajia wamsafirishe kwenda Spania. Mchungaji anayetangaza harambee ya umisheni hajapungukiwa imani. Na nimeona kwamba wanaomhimiza mmisionari "aishi kwa imani" mara nyingi ni watu ambao mshahara wao huingia tarehe ileile kila mwezi.

"Jibu likichelewa, kuna dhambi mahali."

Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi, na jibu lake liko hapa hapa pwani yetu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Rosine alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliiandikia jumuiya iliyomtuma kwamba kaburi lile liwe kwao ishara kuwa saa ya kuieneza Injili Afrika kutokea mashariki imekaribia.

Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, aliungana naye mwaka 1846, wakahamia Rabai. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekuwa kwenye kitanda cha mauti. Krapf aliondoka, Rebmann akabaki hadi 1875, akarudi Ujerumani akiwa kipofu. Karibu miaka 30, na waumini aliowaacha walikuwa kundi dogo sana. Wahubiri wengi wa siku hizi wangemweka Rebmann kitako na kumtafutia laana ya ukoo. Rebmann aliendelea kuomba na kuandika kamusi.

"Maombi yenye nguvu ni ya kelele na kukesha."

Kesha si baya. Ila mwaka 1727 Wamoraviani, Wakristo wa kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, waligawana saa za kuomba, watu 24 wanaume na 24 wanawake, kila mmoja na zamu yake, na zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya karne. Ilikuwa ratiba, haikuhitaji spika. Miaka mitano baadaye, mfinyanzi na seremala kutoka kijiji hicho walianza safari ya kwenda kisiwa cha St. Thomas, Karibiani, wakiwa na ufundi wao mikononi. Wamoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuwa wa ukoo huohuo.

"Kumwombea mmisionari ni kusema 'Bwana ambariki popote alipo.'"

Paulo akiwa kifungoni aliwaomba Wakolosai wamwombee afunguliwe mlango wa neno, apate na kulinena ipasavyo. Lilikuwa ombi mahususi, na mlango wa gereza hakuutaja. Kwa hiyo mpigie simu mwinjilisti wenu, umuulize: lugha ya pale umefika wapi? Mzee gani wa kijiji bado anakukatalia kiwanja? Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada? Swali la mwisho, mhazini awepo wakati linajibiwa.