Kiwanja cha ndege cha familia ni shamba kwanza

Ukitaka kuielewa historia ya kiwanja kidogo cha ndege kinachomilikiwa na familia huko mashambani Marekani, anza na ramani ya mashamba, vitabu vya ndege vije baadaye. Ndivyo ninavyofanya katika utafiti wangu wa viwanja hivi, na kila mara ardhi hunieleza mambo ambayo daftari za safari za ndege hazina.

Mwaka 1785 Marekani iliamua kupima ardhi yake ya magharibi kwa miraba ya maili moja kila upande, yaani ekari 640. Sheria ya mwaka 1862 ikawaruhusu walowezi kupewa hadi ekari 160, ambayo ni robo ya mraba huo. Robo hiyo ina upande wa nusu maili, kama mita 805. Ndiyo maana katika majimbo kama Kansas, Nebraska na Iowa utakuta njia nyingi za kurukia zimelala sambamba na mpaka wa shamba, kaskazini hadi kusini au mashariki hadi magharibi, na urefu wake ukikomea kwenye uzio wa jirani. Upepo haujui mipaka ya shamba, kwa hiyo rubani wa kiwanja cha namna hii huzoea mapema kutua huku upepo ukimpiga ubavuni.

Wimbi kubwa la viwanja hivi lilikuja na Vita Kuu ya Pili. Mpango wa serikali wa kufundisha marubani raia, uliodumu hadi 1944, ulipitisha zaidi ya watu 435,000. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwasaidia askari waliorudi kutoka vitani, na fedha zake ziliweza kulipia hata masomo ya urubani. Ndege nazo zilikuwapo: Piper J-3 Cub ilitengenezwa karibu 20,000 hadi uzalishaji ulipokoma 1947. Ilitumia injini ya nguvu farasi 65 tu, na iliweza kutua polepole mno hata malisho ya ng'ombe yakaitosha. Kijana aliyerudi nyumbani akiwa rubani, na baba yake ana shamba, hakuhitaji mengi: kung'oa uzio mmoja, kushindilia ardhi kwa rola, kusimamisha soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unavuma kuelekea wapi), na kuligeuza ghala la zana kuwa banda la ndege. Kiwanja cha Red Stewart huko Waynesville, Ohio, kilianza 1946 kwenye nyasi na kikabaki cha familia.

Mwaka 1946 viwanda vya Marekani vilitoa zaidi ya ndege ndogo 30,000. Baada ya hapo soko likaporomoka ghafla. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia kipindi hiki kama hadithi ya ndege peke yake. Aliyetegemea ada za wanafunzi tu alikuwa taabani mara wanafunzi walipopungua. Mwenye mahindi na ng'ombe aliweza kuiacha njia ya kurukia ipumzike miaka miwili, akakata majani ya pembeni na kuyauza kama chakula cha mifugo, akangoja. Ndege za kunyunyizia dawa nazo zilimletea kazi ya msimu. Kazi hiyo ilianzia mashambani hukohuko: Agosti 3, 1921, rubani wa jeshi John Macready alimwaga unga wa sumu ya viwavi juu ya miti karibu na Troy, Ohio.

Niseme kidogo kuhusu nyasi, maana watu huzichukulia kama pambo. Mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza unataka umbali wa kuruka uzidishwe kwa 1.2 kwenye nyasi kavu na kwa 1.3 zikiwa zimelowa, kisha kwa 1.33 kwa ajili ya usalama. Chukua ndege inayohitaji mita 400 kwenye lami. Kwenye nyasi zilizolowa inafika 520, na ukiongeza usalama ni takriban 692. Ongeza uzito wa ndege kwa asilimia 10, mwongozo unasema zidisha tena kwa 1.2, na umefika mita 830. Nusu maili imeshakwisha! Anayejua maji yanatuama wapi wakati wa masika, na panya wa ardhini wamechimba wapi, ni yule anayeilima ardhi hiyo, na maarifa yake huwaokoa marubani.

Yaliyoviua viwanja vingi vya familia katika vizazi vilivyofuata yalikuwa mambo ya makaratasi. Mfuko wa viwanja vya ndege ulioundwa 1970 ulielekeza fedha hasa kwenye viwanja vya umma, na kwa kawaida njia ya nyasi ya familia haikupata kitu. Kesi za fidia dhidi ya watengenezaji wa ndege zikapandisha gharama hadi kampuni ya Cessna ikasimamisha utengenezaji wa ndege zake ndogo za injini moja ya pistoni mwaka 1986. Kisha kanuni za 1988 zikawataka wenye matangi ya mafuta yaliyofukiwa ardhini wayaboreshe, wayabadilishe au wayafunge kabla ya Desemba 22, 1998. Uwanja wa mji ungeweza kuugawanya mzigo huo kwa walipa kodi wote. Familia ililipa peke yake, na kiwanja kisichouza mafuta hupoteza wageni wake.

Halafu mzee anafariki. Watoto wanne wanarithi, mmoja tu ndiye anayerusha ndege, na ardhi iliyo tambarare, kavu na karibu na barabara ndiyo hasa anayoitamani mjenzi wa nyumba. Mrithi mmoja hawezi kuwalipa wenzake watatu kwa bei ya viwanja vya makazi. Nikisoma hati za mirathi huliona jambo hili waziwazi kuliko katika kumbukumbu yoyote ya anga.

Kwa hiyo ninawaomba wenye viwanja hivi: msitupe stakabadhi za matangi, michoro ya mifereji ya maji, barua za bima na mikataba ya kukata majani. Picha za angani za wizara ya kilimo, zilizoanza kupigwa miaka ya 1930, zinanionyesha njia ya kurukia ilipotokea. Makaratasi yenu ndiyo yanayoonyesha ni nani aliyeilipia, na kwa mavuno gani.