Mfungwa wa Kiayalandi Nchini Australia: Dhana Potofu na Ukweli

Anapotajwa mfungwa wa Ayalandi aliyesafirishwa hadi Australia, wengi humwona mpigania uhuru aliyetiwa minyororo kwa sababu ya kuipinga Uingereza. Watu wa aina hiyo walikuwapo kweli: walioasi utawala wa Uingereza mwaka 1798, viongozi wa uasi wa 1848 kama William Smith O'Brien, na Wafenia 62, wanachama wa chama cha siri cha kupigania uhuru wa Ayalandi, waliokuwa ndani ya Hougoumont, meli ya mwisho ya wafungwa, iliyotia nanga Fremantle mnamo Januari 1868. Hata hivyo, kati ya watu wapatao 40,000 waliosafirishwa moja kwa moja kutoka Ayalandi tangu 1791, walio wengi walihukumiwa kwa wizi wa mifugo, nguo au chakula. John Kelly wa Tipperary, kwa mfano, alipewa miaka saba mwaka 1841 kwa kuiba nguruwe wawili. Wakati wa njaa kuu iliyoanza 1845, wapo hata wanawake waliochoma majengo kwa makusudi ili wahukumiwe kusafirishwa. Tukiwageuza wote kuwa mashujaa wa siasa, tunaufuta umaskini uliowafikisha mahakamani.

Dhana nyingine ni kwamba waliouawa na safari waliuawa na bahari. Meli ya kwanza kutoka Ayalandi, Queen, iliondoka Cork mwaka 1791, na uchunguzi uliofanywa Sydney ulionyesha kwamba wafungwa walipunjwa posho yao ya chakula njiani kwa mizani ya udanganyifu. Wengi walifika wakiwa wamedhoofu mno, na kufikia Mei 1792, kati ya wanaume 122 walioshushwa, 50 tu ndio walikuwa hai. Waliowamaliza ni wanadamu wenzao, kwa ulafi wa ratili chache za nyama. Baadaye, kila meli ilipowekewa daktari mwenye mamlaka, vifo vya safarini vilipungua sana.

Wafungwa wa meli hiyohiyo ndio wanaochekwa hadi leo kwa kujaribu kwenda Uchina kwa miguu. Mnamo Novemba 1791, wanaume 20 na mwanamke mmoja mjamzito waliondoka Parramatta, makazi yaliyo karibu na Sydney, wakashika njia ya msituni. Afisa Watkin Tench alipowahoji waliorudi, walimweleza kwamba waliambiwa uko mto mkubwa upande wa kaskazini, na ng'ambo yake ni Uchina, kwa watu wa rangi ya shaba ambao wangewapokea kwa wema. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa ujinga wa Waayalandi. Mimi nakisoma kwa namna nyingine: mtu ambaye hajapata kuonyeshwa ramani, anayefanyishwa kazi huku ana njaa, atamwamini yeyote anayemwambia kwamba mahali fulani kuna wema.

Si kweli pia kwamba waliishi nyuma ya kuta za jela. Kwa miongo mingi, wengi walikabidhiwa kwa walowezi, wakalima, wakachunga kondoo au kufanya kazi za nyumbani. Gereza kama Port Arthur, kisiwani Tasmania, lilikusudiwa hasa waliokosa tena wakiwa huko. Wala hawakuwa watumwa, kwa maana hukumu yao ilikuwa na mwisho, isipokuwa ile ya maisha, na watoto wao walizaliwa huru. Kisheria, bwana hakuruhusiwa kumchapa mfungwa mwenyewe, bali alipaswa kumfikisha mbele ya hakimu. Hiyo haikuuzuia mjeledi kuchana migongo, kwani mara nyingi hakimu naye alikuwa mlowezi mwenye mashamba. Dini nayo ilibanwa: Misa ya hadhara iliruhusiwa mwaka 1803, ikiongozwa na padri James Dixon, ambaye naye alikuwa mfungwa, kisha ruhusa hiyo ikaondolewa baada ya uasi wa wafungwa huko Castle Hill, karibu na Sydney, wa Machi 1804.

Kuhusu kurudi nyumbani, wengi hudhani kwamba aliyemaliza kifungo alirudishwa kwao. Serikali iliyomlipia mtu nauli ya kwenda haikumlipia ya kurudi, na kibarua hakuweza kuimudu. John Kelly aliachiwa huru mwaka 1848, akavuka mlango wa bahari kutoka Tasmania hadi eneo ambalo leo ni Victoria, akamwoa Ellen Quinn mwaka 1850, na mwanawe Ned, yule jambazi mashuhuri, ndiye aliyenyongwa Melbourne mwaka 1880. Baba mwenyewe alizikwa Avenel mwaka 1866, bila kuiona tena Tipperary.