Gia ya rali haitaki upole

Kijana mmoja aliniletea giaboksi ya gari lake la rali ikiwa imezungushiwa blanketi kama mtoto mchanga. "Mzee, gia ya tatu inaruka," akaniambia. "Na mimi huwa naibadilisha polepole kabisa, naitunza." Hapo nikajua ugonjwa kabla sijashika spana.

Nikafungua nati ya kumwagia oili. Nati hiyo ina sumaku kwenye ncha. Giaboksi ikiwa nzima, sumaku hutoka na unga mweusi laini, kama masizi ya sufuria, ukiusugua kwa vidole husikii kitu. Ya kijana ilitoka na vipande vidogo kama vichwa vya kiberiti, vinang'aa upande mmoja. Zile zilikuwa kona za meno.

Nieleze ni meno gani. Ndani ya giaboksi ya gari lako la nyumbani, gia za kwenda mbele huzunguka muda wote zikiwa zimeshikana mbili mbili. Unapobadilisha gia, kinachotokea ni kwamba gia moja inafungwa kwenye shafti na nyingine zinaachwa zizunguke bure. Tatizo, gia na shafti haziendi kasi moja. Ndipo inapoingia sinkronaiza, pete ya shaba inayojibana kwenye gia kama breki mpaka kasi zilingane, halafu meno madogo madogo yanaingiana bila kelele. Ule ukinzani mdogo unaousikia mkononi kabla gia haijaingia ni pete hiyo ikifanya kazi yake.

Giaboksi ya mashindano haina pete ya shaba. Ina kitu tunachokiita dogi: pete ya chuma kigumu yenye meno machache makubwa, matano, sita au saba, na nafasi pana kati ya jino na jino. (Jina ni la mbwa, na huyu anang'ata kweli.) Hakuna kinachosubiri kasi zilingane. Dogi inarushwa, meno yanadumbukia kwenye nafasi, pa! Imeshika.

Tupige hesabu. Tuseme uwiano wa gia ya tatu ni 1.5 (injini inazunguka mara moja na nusu shafti ya kutokea ikizunguka mara moja) na wa ya nne ni 1.2, na injini iko kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Ukitia ya nne kabla gari halijapunguza mwendo, injini lazima ishuke hadi 5,600. Mizunguko 1,400 inatakiwa ipotee kwa kufumba na kufumbua. Sinkronaiza ingeomba muda. Dogi haiombi, inailazimisha injini ishuke, na ndiyo maana ukikaa ndani ya gari la rali unasikia kila gia ikikupiga mgongoni.

Asiyeweza kuja gereji amtazame mwendesha bodaboda. Giaboksi ya pikipiki ile ni ndugu wa hii. Nayo ina dogi, na ina pipa dogo la chuma lililochongwa mifereji. Ukikanyaga gia, pipa linazunguka hatua moja, mifereji inasukuma foki, yaani vyuma vyenye umbo la uma, foki zinasukuma dogi. Kwenye gari la rali ni mkono badala ya mguu: unavuta kupandisha, unasukuma kushusha. Huwezi kuruka kutoka ya tano hadi ya pili bila kupitia ya nne na ya tatu, lakini pia huwezi kukosea njia na kutia ya pili ulipotaka ya nne. Kwenye mabonde na mawe, usukani ukikutingisha mabega, hiyo ni neema.

Sasa uzitazame dogi kwa ubavuni. Kuta za meno hazikusimama wima, zimekatwa kuingia ndani nyuzi chache tu, kama ndoana. Injini inapovuta, meno yanazidi kuumana, kwa hiyo gia haitoki hata gari likirushwa hewani. Ila kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka kuitoa lazima injini iache kuvuta kwanza. Zamani dereva aliinua mguu kidogo kwenye mafuta. Siku hizi mkono wa gia una sensa: ukiuvuta tu, kompyuta inakata moto wa plagi kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, meno yanalegea, gia inapita, moto unarudi. Mguu wa dereva haujatoka sakafuni. Klachi ni ya kuondokea na kusimamia tu. Wakati wa kushusha inakuwa kinyume: injini inapigwa resi kidogo ipande ilingane na gia ya chini.

Sasa rudi kwa kijana na upole wake. Ukiusogeza mkono taratibu, dogi haidumbukii. Inakaribia kidogo, jino linakutana na jino kwenye kona, linagonga, linarudi, linagonga tena. Ile trrrr unayoisikia ni chuma kikimomonyoka. Kona zikishakuwa duara, ile ndoana haishiki tena, na gia inaruka yenyewe. Nilimpa pete yake aipitishe ukucha. Upande mmoja ukucha ulikwama kwenye kona kali, upande wa pili ukateleza kama kwenye sabuni. Akanyamaza.

Formula 1 walianza kuuondoa mkono wa gia mwaka 1989, Ferrari 640 iliyobuniwa na John Barnard ilipokuja na vibao viwili vya kubadilishia gia nyuma ya usukani, na dereva Nigel Mansell akashinda nayo mbio za kwanza kabisa za gari hilo, kule Brazil. Miaka miwili baadaye, hapo hapo Brazil, giaboksi ya Mansell, sasa akiwa timu ya Williams, ilimwangusha, na Ayrton Senna mwenye mkono wa gia wa kizamani akashinda akiwa amebaki na gia ya sita peke yake mizunguko ya mwisho. Kwa uchovu, kombe alishindwa hata kuliinua vizuri.

Rali imekwenda na kurudi. Safari Rally ya Kenya iliporejea kwenye ubingwa wa dunia, Naivasha, mwaka 2021, magari makubwa yalikuwa na gia 6 na vibao vya usukani. Mwaka uliofuata sheria za Rally1, daraja la juu la magari ya rali, zikarudisha mkono na gia 5, kupunguza gharama. Mimi sikulalamika, mkono ukiharibika porini unaweza kuutengeneza.

Kitu kingine watu huniuliza ni ule mlio wa kilio wa giaboksi ya mashindano. Ni meno ya gia yaliyonyooka. Ya gari la nyumbani yamekatwa mshazari ili yashikane kimya, lakini mshazari husukuma shafti pembeni na kuelemea beringi. Kama gari lako ni la gia za mkono, litie rivasi na usikilize: mara nyingi gia hiyo ina meno yaliyonyooka, ndiyo maana inalia.

Kijana nimembadilishia dogi mbili na foki moja iliyoungua ubavu. Nimemwambia avute mkono kama anayefukuza nzi, na asilitumie gari hilo kwenye foleni za mjini. Baada ya mashindano yake yaliyofuata alirudi kubadilisha oili. Nilifungua nati ya sumaku kabla sijamuuliza amemaliza nafasi ya ngapi. Masizi matupu.